Saratani ya Puru Bila Kupasuliwa: Mafunzo Niliyopata

Puru ni kipande cha mwisho cha utumbo mpana, urefu wake kama sentimita 15 kabla ya kufika kwenye njia ya haja kubwa. Uvimbe wangu ulikuwa chini kabisa, mahali kidole cha daktari kinapofika. Kwa uvimbe wa mahali hapo, upasuaji uliozoeleka ni kuondoa puru pamoja na njia yenyewe, kisha mwisho wa utumbo unatolewa nje kupitia ukuta wa tumbo na mgonjwa anavaa mfuko maisha yake yote. Mimi sikupasuliwa. Nilipewa mionzi na dawa za saratani, yaani kemo, uvimbe ukayeyuka, na tangu hapo madaktari wananichunguza kwa ratiba.

Hapa kwetu Daudi, Mbulu, wengine wanasema nimepona kwa muujiza. Wengine wanasema nilikimbia kisu. Na wapo wanaokuja nyumbani jioni, wanazungumza habari za mvua na bei ya vitunguu saumu mpaka chai inaisha, ndipo wanauliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, hiyo yako ilianzaje?" Hao ndio ninaowaandikia.

1. Usikubali kuitwa mgonjwa wa bawasiri kabla hujapimwa kwa kidole

Ilianza kwa damu chooni. Nilikwenda kutibiwa, nikaeleza, nikaandikiwa dawa ya bawasiri. Damu ikaendelea, nikarudi, nikaandikiwa dawa nyingine ya bawasiri. Nikapita mahali pa tatu, nikaulizwa kama nakula mboga za majani. Katika safari zote hizo hakuna aliyevaa glavu. Walisikiliza, wakaandika, wakaita mgonjwa anayefuata.

Aliyeugundua ugonjwa alikuwa daktari kijana, umri wa wanafunzi wangu wa mwisho kabla sijastaafu. Alisema, "Mwalimu, shikamoo tena, naomba uniwie radhi. Lala kwa ubavu wa kushoto, ukunje magoti." Haikuchukua hata dakika moja. Alipomaliza alivua glavu taratibu, akaiangalia, akakaa kwenye kiti kabla ya kusema lolote. Aliniambia amegusa kitu kigumu, chenye kingo, na kwamba bawasiri haiwi hivyo. Siku ileile akaniandikia rufaa ili nikachukuliwe kinyama cha kupimwa maabara.

Kipimo cha kidole hakihitaji umeme, mashine wala fundi kutoka mjini. Kinahitaji glavu, mafuta kidogo na daktari asiyeona haya. Haya yetu sisi wagonjwa nayo ni kubwa. Mzee mzima kumvulia suruali kijana ni jambo zito. Nimelifikiria sana, na nasema aibu ile ni ndogo kuliko aibu yoyote inayokuja baada ya kuchelewa. Ukiona damu iliyochanganyika na choo, ukihisi haja haiishi hata baada ya kutoka chooni, choo kikiwa chembamba kuliko zamani, ukipungua uzito au ukiambiwa huna damu ya kutosha bila sababu, mwombe daktari akupime kwa kidole. Uombe wewe, usisubiri akumbuke.

2. Picha ya kwanza ndiyo itakayotumika miaka yote

Majibu ya kinyama yanasema tu kwamba hii ni saratani. Hayasemi imeingia ndani kiasi gani. Hilo linaonekana kwa MRI ya nyonga, inayoonyesha kama uvimbe umevuka ukuta wa puru na kama mitoki ya karibu imeguswa, na kwa CT ya kifua na tumbo, kwa sababu saratani hii hupenda kuhamia kwenye ini na mapafu. Nilipoambiwa gharama nilitamani kuviruka vipimo hivyo. Mama watoto akakataa, na leo namshukuru. Baada ya matibabu daktari hulinganisha picha mpya na ile ya kwanza, na asipokuwa na ya kwanza hana pa kuanzia kusema hiki ni kovu na kile ni uvimbe. Zitunzeni picha hizo na sidii zake pamoja na hati ya shamba.

3. Njia hii haikubuniwa kwa ajili ya waoga

Nilipoambiwa kwamba huenda nisipasuliwe, nilidhani daktari ananipa pole ya kumtuliza mzee. Ndipo nikaanza kusoma na kuuliza.

Upasuaji wa kuondoa puru na njia ya haja kubwa ulielezwa mwaka 1908 na daktari wa London, William Ernest Miles. Mwaka 1982 Mwingereza mwingine, Bill Heald, alionyesha jinsi ya kuondoa puru pamoja na tabaka lote la mafuta linaloizunguka, na kurudi kwa saratani pale pale kukapungua sana. Karne nzima swali lilikuwa namna ya kukata vizuri zaidi.

Huko São Paulo, Brazil, daktari bingwa wa upasuaji, mama Angelita Habr-Gama, alikuwa akiwapa wagonjwa mionzi na kemo kwanza, kisha anawapasua. Kwa baadhi yao, kipande kilichokatwa kilipopelekwa maabara hakikukutwa na saratani hata chembe. Mtu amepoteza puru, amevaa mfuko, na ndani ya kilichokatwa hakuna ugonjwa. Kuanzia mwaka 1991 akaanza kuwaacha bila kuwapasua wale ambao uvimbe wao ulitoweka kabisa, akawa anawachunguza kwa karibu. Mwaka 2004 alichapisha matokeo ya wagonjwa 265. Kati yao 71 hawakuonekana tena kuwa na uvimbe baada ya mionzi na kemo, wakafuatiliwa bila upasuaji, na waliishi vizuri sawa na waliopasuliwa. Madaktari wengi walimpinga kwa miaka. Polepole Uholanzi, Uingereza na Marekani wakaanza kumfuata.

Nayasema haya kwa sababu kijijini neno "hakupasuliwa" linasikika kama "hakutibiwa". Nilitibiwa, na kwa ukali.

4. Mionzi haiumi ikiingia, inauma baadaye

Nilipata mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Taasisi ile iko ufukweni, na jengo lake la zamani lilikamilishwa na Wajerumani mwaka 1897. Tangu 2018 wana mashine za kisasa za LINAC, ambazo hulenga uvimbe na kupunguza madhara kwa kibofu na utumbo wa jirani. Utaratibu wa muda mrefu ni kupigwa mionzi mara 25 hadi 28, siku tano kwa wiki, na siku hizo za mionzi unameza vidonge vya kapesitabini asubuhi na jioni. Upo pia utaratibu mfupi wa siku tano zenye dozi kubwa.

Kwa mtu wa Mbulu maana yake ni kuhamia Dar zaidi ya mwezi. Nilikaa kwa mpwa wangu Mbagala. Kila asubuhi alikuwa ananiuliza, "Mjomba, tumbo limeamkaje?" na jibu langu ndilo lililoamua kama tunapanda daladala au tunatafuta bajaji. Wiki za mwanzo sikuhisi kitu, hata nikadhani mashine haifanyi kazi. Baadaye haja ikawa inakuja ghafla na mara nyingi, mkojo ukawa unachoma, ngozi ya sehemu ile ikawa kama iliyoungua. Nilijifunza kukaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu, kupaka nilichopewa na hospitali tu, na kula vyakula visivyosumbua tumbo: wali, ndizi za kupika, mtori. Maharage niliyaacha kwa muda. Maji niliyanywa kwa wingi hata nilipoogopa choo.

Kisha zikafuata dripu za kemo, na hapa nina neno kwa watu wa nyanda za baridi. Moja ya dawa zinazotumika inaitwa oksaliplatini, na inafanya mishipa ya fahamu iogope baridi. Dar es Salaam nilisikia ganzi kidogo nikishika soda ya kwenye friji. Niliporudi Daudi kati ya dripu moja na nyingine ilikuwa mwezi wa saba. Asubuhi ya kwanza nilishika ndoo ya maji yaliyolala nje, nikaruka kama aliyeshika waya wa umeme. Hewa ya alfajiri iliponiingia kooni nilihisi nabanwa pumzi. Hakuna aliyenitahadharisha kwa sababu waliokuwa wakinitibu waliishi pwani, na mimi sikujua kwamba baridi yetu ni jambo la kumweleza daktari. Basi jueni: unapopewa dawa hiyo na unaishi Mbulu, Karatu au Hanang, mwambie daktari kwamba kwenu kuna baridi. Vaa glavu za sufu na soksi, funika pua na mdomo asubuhi, nawa na kunywa maji ya moto. Ganzi ya vidole ikianza kudumu kutoka dripu hadi dripu, au vifungo vya shati vikikushinda, sema mapema, dozi ipunguzwe au isimamishwe. Yangu ilisemwa kwa wakati. Bado nyayo zina ganzi kidogo, lakini chaki na jembe nashika.

5. Hakuna anayeweza kukuahidi kwamba uvimbe utayeyuka

Hili lielezwe wazi, kwa sababu nimeshaona mtu akiuza ng'ombe akiwa na hakika ya kurudi bila kupasuliwa. Katika utafiti mkubwa wa Marekani unaoitwa OPRA, uliochapishwa mwaka 2022, wagonjwa 324 walipewa mionzi na kemo, na wale ambao uvimbe ulitoweka au ulikaribia kutoweka wakaachwa bila kupasuliwa. Miaka mitatu baadaye takriban nusu ya wagonjwa wote walikuwa bado na puru. Waliotangulizwa mionzi kisha kemo walikuwa na bahati zaidi, asilimia 53, na waliotangulizwa kemo asilimia 41. Kwa hiyo karibu nusu walihitaji kisu. Hawakukosea popote, na imani yao haikupungua.

Madaktari hawatoi uamuzi siku ileile unapomaliza mionzi. Uvimbe huendelea kusinyaa kwa wiki nyingi, ndiyo maana mgonjwa huitwa baada ya wiki 8 hadi 12 au zaidi. Wanaangalia mambo matatu kwa pamoja. Kidole kisiguse kitu kigumu. Kamera inayoingizwa kupitia njia ya haja kubwa ione kovu jeupe, bapa, labda na vimishipa vyekundu vyembamba, pasipo kidonda. MRI ionyeshe kovu tu na mitoki iliyotulia. Kimoja kikikosekana, kesi inarudi mezani kwa jopo la madaktari. Hata kinyama kikichukuliwa na kutoka safi, peke yake hakitoshi, kwa kuwa mabaki yanaweza kujificha chini ya ngozi ya juu.

Kuna pia habari njema ya mwaka 2022 kutoka hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York: wagonjwa 12 waliopewa dawa ya kinga iitwayo dostarlimabu, wote uvimbe ukatoweka bila mionzi wala kisu. Walikuwa wagonjwa wenye hitilafu maalumu ya kurekebisha vinasaba, ambayo hupatikana kwa chini ya mtu mmoja kati ya kumi wenye saratani hii. Inafaa kuuliza kama kinyama chako kinaweza kupimwa hitilafu hiyo, lakini bei ya dawa yenyewe iko mbali na mfuko wa mkulima.

6. Kuachwa bila kupasuliwa ni mkataba wa kurudi

Kati ya yote niliyojifunza, hili ndilo zito kuliko mengine.

Siku jopo liliponiita, mkuu wao aliniuliza maswali ambayo sikuyatarajia. Hakuuliza kama naogopa kisu. Aliuliza: "Mzee wangu, kutoka kwako hadi hapa ni nauli kiasi gani? Masika barabara inapitika? Nani atakukumbusha tarehe? Shamba likihitaji palizi siku ya kipimo, utachagua nini?" Nilianza kuona kama ananidharau kwa kuwa natoka shamba. Alipofungua takwimu nikamwelewa.

Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha kumbukumbu za wagonjwa 880 kutoka nchi 15 ambao, kama mimi, uvimbe ulitoweka wakaachwa bila kupasuliwa. Ndani ya miaka miwili uvimbe uliota tena kwa mmoja kati ya wanne. Asilimia 88 ya uotaji wote ulionekana katika miaka hiyo miwili ya mwanzo, na asilimia 97 ulikuwa kwenye ukuta wa utumbo wenyewe, mahali kidole na kamera vinapofika. Wengi wa hao wanaweza bado kupasuliwa na kupona, mradi waonekane mapema. Asiyerudi kliniki anaipoteza nafasi hiyo, na saratani inapata muda wa kuelekea kwenye ini. Hasikii maumivu yoyote wakati hayo yanatokea.

Ndiyo sababu ratiba ni kali. Miaka miwili ya mwanzo, kidole na kamera kila miezi mitatu au minne, kipimo cha damu cha CEA vivyo hivyo, MRI kila baada ya miezi sita, CT ya kifua na tumbo walau mara moja kwa mwaka. Baada ya hapo nafasi kati ya kipimo na kipimo zinaongezeka, mpaka itimie miaka mitano. CEA ikiwa safi bado kamera inahitajika, kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Sasa tazameni barabara yetu. Udongo mwekundu ukilowa, gari la kwenda Karatu linalala njiani, na anayezunguka kwa njia ya Magara yenye mteremko mkali naye ana wasiwasi wake. Ukifika Arusha ndipo safari ya Dar inaanza. Unakwenda ukiwa mzima, huna homa, unakula vizuri, na unatumia fedha ya ada ya mtoto ili kuambiwa "uko salama, rudi baada ya miezi mitatu." Moyo unasema ruka mara hii moja. Mimi na mama watoto tuliandika tarehe zote ukutani kwa chaki, na kijana wetu wa kwanza ndiye mwenye ruhusa ya kunipigia simu na kunifokea. Fedha ya kliniki ina debe lake la mahindi: linauzwa kwa ajili hiyo tu, bei ikiwa nzuri au mbaya.

Nina hukumu yangu juu ya hili, na nitaitetea. Mtu asiyeweza kurudi kwa uhakika apasuliwe, hata kama uvimbe umetoweka, na daktari anayemshauri hivyo anampenda. Lakini umbali usiwe sababu ya kumnyima mtu wa kijijini chaguo ambalo wa mjini anapewa. Sehemu ya ufuatiliaji inaweza kufanyika karibu. Kidole kinaweza kupimwa katika hospitali ya wilaya, damu inaweza kuchukuliwa huku, na barua moja kutoka kwa bingwa ikieleza kovu liko upande gani na umbali gani kutoka kwenye njia inaweza kumwongoza daktari wa huku. Mkoa wetu wa Manyara una hospitali za miaka mingi. Hospitali ya Haydom imekuwa ikihudumia watu wa Mbulu tangu 1955. Mabingwa na hospitali za mikoani wakipanga kwa pamoja, safari ndefu zinabaki za kamera na MRI.

7. Mfuko si adui

Nilipokuwa wodini nililala jirani na bwana mmoja wa Singida aliyekuwa ameshapasuliwa. Ndiye aliyenionyesha mfuko wake unavyobandikwa: anasafisha ngozi kwa maji, anaikausha, anakata tundu la bamba kwa kipimo cha utumbo, anabandika na kukandamiza kwa kiganja mpaka joto la mwili lishike gundi. Alikuwa anarudi kwenye biashara yake ya alizeti. Kilichomsumbua ni mifuko kuwa adimu nje ya miji mikubwa. Baada ya kumwona, sikuweza tena kusema "heri nife kuliko mfuko", maneno ninayoyasikia kila mahali. Anayesema hivyo anamhukumu jirani yake aliyeuvaa. Nilikubali kabisa kwamba uvimbe ukiota, nitapasuliwa bila ubishi, na nilisema hivyo mbele ya jopo na mke wangu. Bila kauli hiyo wasingenikubalia.

8. Puru iliyobaki si ile ya zamani

Ninaenda haja mara nyingi kuliko zamani, na ikija haingoji. Kanisani nakaa karibu na mlango. Miezi mingi baada ya mionzi damu ilionekana tena, na usiku ule hatukulala. Kamera ilionyesha vimishipa vilivyolegezwa na mionzi vikivuja. Kovu lilikuwa tulivu. Damu ya namna hiyo ipo na hutibika, ila aliyemaliza mionzi asijitabirie mwenyewe kwamba ni hiyo. Akachunguzwe.

Mionzi ya nyonga hugusa pia mambo ya chumbani. Kwa wanaume nguvu hupungua. Kwa wanawake njia hubana na kukauka, na hedhi hukoma kwa walio bado katika umri huo, na uzazi nao. Kijana anayetaka watoto aulize kabla ya mionzi, kwa maana baada yake hakuna kurudi nyuma. Madaktari hawakunieleza mpaka nilipouliza, na nilipouliza walijibu kwa heshima na msaada ukapatikana.

9. Watoto wako nao wapimwe

Aliye na mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye saratani hii ana hatari kubwa kuliko wengine. Ushauri wa kawaida ni kuanza kipimo cha kamera akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligunduliwa, chochote kinachotangulia. Niliwaita wanangu wote nikawaambia, tena kwa majina ya viungo, bila kuficha.

Ombi langu la mwisho ni kwa familia, jumuiya za kanisani, vikoba na majirani. Sisi ni watu wa kuchangia: mtu akilala hoi tunauza mbuzi, akifa tunakodi basi. Kama kwenu yuko aliyeachwa bila kupasuliwa na ameambiwa arudi baada ya miezi mitatu, msimwache nyumbani kwa sababu anaonekana mzima na analima. Mchangieni nauli ya kliniki sasa, akiwa anatembea kwa miguu yake.